Kuandika riwaya ya pili ya safari ya wakati kwa vijana: anza na kalenda, mapenzi yatafuata

Kitabu cha kwanza kikishatoka, wasomaji huuliza jambo moja: wale wawili wataonana tena lini? Mwandishi naye hukimbilia kuandika sura ya kukutana. Usianzie hapo. Katika hadithi ya aina hii mapenzi na hatari vyote vimebebwa na tarehe, na tarehe moja ikilegea msomaji wa miaka 15 ataigundua kabla ya mhariri.

Tutumie mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Zuhura, 17, ni wa Unguja ya leo. Faki, 18, ni mwana wa fundi wa majahazi kutoka Pemba, anaishi Unguja ya 1872. Kitabu cha kwanza kiliisha Ijumaa, 12 Januari 1872. Zuhura alirudi kwao, lakini kabla ya kuondoka aliropoka: Jumatatu, 15 Aprili, kitapiga kimbunga. Kimbunga hicho ni cha kweli. Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja na kuharibu merikebu za Sultani Barghash, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya 1: Kusanya sheria za mlango wa wakati

Soma kitabu chako cha kwanza ukiwa na kalamu. Kila sentensi inayosema nani anapita, anapita na nini, na kwa gharama gani, inakili kwenye karatasi moja pamoja na namba ya ukurasa. Utakuta mbili zinazopingana. Hilo ni kawaida. Usiifute moja kimyakimya, maana wasomaji wanacho kitabu mkononi. Ifanye ile dhaifu kuwa imani potofu ya mhusika, kisha imgharimu.

Kitabu cha pili kinaruhusiwa sheria mpya moja tu, nayo ionekane kabla ya theluthi ya kwanza kwisha. Ikija mwishoni kumwokoa Faki, msomaji ataona umemdanganya.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kiwango cha wakati

Hapa ndipo riwaya nyingi za pili hufa. Tuseme kitabu cha kwanza kilishaweka kwamba siku moja ya leo ni siku 30 za kule. Ukimwacha Zuhura amalize mwaka wa shule, kule imepita miaka 30 na Faki ana miaka 48. Hadithi ya mapenzi ya vijana imekwisha.

Punguza muda wa kwao. Siku 3 kwa Zuhura ni siku 90 kwa Faki: kutoka 12 Januari unafika Alhamisi, 11 Aprili, siku nne kabla ya kimbunga. (Usisahau kwamba 1872 ulikuwa mwaka mrefu, Februari ina siku 29.) Hesabu hii inakupa zawadi. Zuhura anarudi jeraha likiwa bichi, bado ana machozi ya juzi, wakati Faki ameshaomboleza miezi mitatu na labda wazazi wameanza kumtafutia mchumba. Huna haja ya kubuni ugomvi mwingine.

Hesabu na upande wa pili: siku nne za kule ni kama saa 3 na dakika 12 za kwao. Mama yake hajapata hata sababu ya kupiga simu. Kwa hiyo hofu ya "nyumbani wananitafuta" haifanyi kazi. Msukumo wote utoke kwenye kimbunga.

Hatua ya 3: Jedwali la safu tano

Tarehe ya kule, tarehe ya leo, umri wa kila mmoja, nani anajua nini, nani ana kitu gani mkononi. Mstari mmoja kwa kila tukio. Safu ya nne ndiyo ngumu: Faki amejua habari ya kimbunga tangu Januari, basi lazima uamue amemwambia nani na nani amemcheka. Kama nahodha mmoja alimsikiliza akavuta chombo chake nchi kavu, amenusurika mtu aliyekuwa wa kufa, na matokeo yake lazima yaonekane kwenye leo ya Zuhura.

Hatua ya 4: Kagua mahali kwa mwaka ule

Makosa yanayojirudia katika Unguja ya 1872:

- Beit al-Ajaib ilijengwa 1883. Pwani isionekane nayo. Ngome Kongwe ipo.
- Waya wa telegrafu ulifika 1879. Kabla yake habari inakwenda kwa chombo au kwa miguu.
- Mlango usifunguke Darajani kwenye barabara ya leo. Kulikuwa na hori pale (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu), lililofukiwa baadaye katika karne ya 20; Zuhura ataangukia tope au maji. (Ukitaka hivyo, sura nzuri.)
- Kanga zenye misemo bado. Andika merikani (kitambaa cheupe cha pamba) na kaniki (kitambaa cheusi).
- Soko la watumwa liko wazi hadi mkataba wa Juni 1873. Msichana asiye na ndugu, asiyejua kujieleza ni wa nani, yuko hatarini kweli. Usiliruke jambo hili ili hadithi ibaki tamu. Mpe Zuhura mwenyeji wa kumdhamini ndani ya sura mbili za kwanza.

Angalia na mwezi. Tarehe 15 Aprili 1872 ilikuwa mwanzoni mwa Safar 1289, mwezi ukiwa nusu, wa kutua karibu na usiku wa manane. Mbalamwezi ya alfajiri juu ya bahari haiwezekani wiki ile. Nusu mwezi maana yake pia ni maji mafu (yasiyojaa wala kutoka sana), hivyo usiandike bamvua (maji makubwa).

Hatua ya 5: Mapenzi yapitie vizuizi vya mahali

Vijana hawa hawawezi kukaa barazani peke yao. Ujumbe unapita kwa somo wa msichana (mwanamke anayemfunda), kwa mtoto wa nyumba, au kwa barua ya herufi za Kiarabu. Zuhura aliyesoma chuo cha Kurani anazisoma, lakini hati hiyo haitofautishi o na u wala e na i. "Chuma" na "choma" zinaandikwa sawa. Barua moja kuhusu shamba la karafuu inaweza kuwavuruga sura tatu nzima.

Mtego bora zaidi uko kwenye siku. Kwa hesabu ya kule siku inaanza magharibi. Faki akisema "tuonane usiku wa Jumatatu", anakusudia Jumapili, 14 Aprili, jua likishatua. Zuhura, mtoto wa simu ya mkononi, anangoja Jumatatu jioni. Faki anakaa peke yake mpaka mwezi unatua, anaamini ameachwa, asubuhi anapanda chombo. Siku hiyohiyo kimbunga. Panda mbegu ya jambo hili mapema: katika sura ya 4 au ya 5 mtu mwingine atumie "usiku wa Ijumaa" kwa maana hiyo, bila kueleza.

Kuhusu mguso, kiasi. Mkono ulioshikwa mara moja katika kitabu kizima una nguvu kuliko mabusu matano.

Hatua ya 6: Safari ya chombo

Katikati ya Aprili ni tangambili: kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) inakufa, kusi (wa kutoka kusini) haijashika, mvua za masika zinanyesha. Kati ya Unguja na Pemba kuna bahari ya karibu kilomita 50 yenye mkondo mkali. Usimpe nahodha wako upepo mzuri wa kudumu. Mpe ukimya, kisha dhoruba fupi, kisha ukimya. Ukihitaji safari ya haraka kuelekea kaskazini, isogeze Juni kusi ikishashika, na ukubali kubadili jedwali zima.

Hatua ya 7: Urefu na ukaguzi

Maneno 60,000 yanatosha: sura 30 za maneno 2,000. Muhtasari wa kitabu cha kwanza usizidi maneno 300, yaliyotawanywa katika sura tatu za mwanzo, kila mara mhusika anapohitaji kukumbuka ili aamue jambo. Kimbunga kianze kabla ya sura ya 20. Kikiwa sura ya 28 hutapata nafasi ya kuonyesha mikarafuu iliyolala, bei inayopanda, na Pemba inayogeuka ghafla kuwa mahali pa kutajirika, jambo linalompa Faki sababu ya kweli ya kubaki.

Rasimu ikiisha, isome mara moja kwa kufuata jedwali tu, bila kugusa lugha. Kisha mpe msomaji wa miaka 16 ambaye hajasoma kitabu cha kwanza, na umwombe aweke alama pale tu anapouliza "sasa ni lini?" Alama zaidi ya tatu katika sura moja: ongeza tarehe, adhana au hali ya maji kwenye aya ya kwanza ya sura hiyo.