Kabla Hujauamini Ukimya wa Skana: Mambo ya Kuzingatia

Anza na sheria. Kumiliki skana, yaani redio inayopitia masafa mengi ili usikilize mazungumzo ya redio za wengine, ni jambo moja, kusikiliza kila kinachopita hewani ni jambo jingine, na kila nchi ina msimamo wake. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mawasiliano ya redio ya mwaka 2006 inamzuia mtu kusikiliza kwa makusudi mazungumzo yasiyomhusu, hata kama skana yenyewe ameinunua kihalali. Marekani wako huru zaidi, ila skana zilizotengenezwa tangu 1994 zimezibwa zisishike masafa yaliyotumiwa na simu za mkononi za wakati ule. Uliza sheria ya kwenu inasemaje kabla hujatoa hela.

Kisha ujue kwamba skana inapokea tu. Haina kitufe cha kusemea. Ukisikia mtu anaomba msaada huwezi kumjibu, kwa hiyo uwe na simu yenye chaji pembeni na uwe unajua utampigia nani.

Jambo la tatu ndilo linalowaumiza wanunuzi wengi: jua wale unaotaka kuwasikia wanatumia redio za aina gani. Skana ya analogi inatosha kwa ndege, kwa vyombo vya baharini vinavyotumia VHF na kwa wapenzi wengi wa redio. Lakini kama wanatumia mfumo wa dijitali, mathalani DMR au P25, skana ya analogi itakupa mvumo wa kukwaruza tu, usioeleweka hata neno moja. Kama wanatumia trankingi, yaani watu wengi wanagawana chaneli chache na mtambo unawahamisha huku na huko kila wanapobonyeza, utahitaji skana inayoweza kufuata chaneli ya uongozi, ile ambayo mtambo huitumia kutangaza nani ahamie wapi. Na kama mazungumzo yamesimbwa, hakuna skana ya dukani itakayoyafungua. Muuzaji akikuahidi hilo, ondoka.

Soma pia masafa ambayo skana inashika, na usiishie kwenye namba ya mwanzo na ya mwisho. Boksi linaweza kuandikwa 25 hadi 512 megahezi, kumbe katikati mna mapengo makubwa. Ndege huongea kati ya 118 na 137 megahezi, tena kwa AM, ambayo pamoja na FM ni njia mbili tofauti za kubebesha sauti kwenye mawimbi. Vyombo vya baharini viko kuanzia 156 hadi 162, kwa FM. Ukiweka FM kwenye masafa ya ndege, sauti itakuja imefifia au imevurugika, nawe utadhani antena mbovu. Angalia hatua pia, maana yake ni umbali ambao skana inaruka kutoka masafa moja hadi mengine. Barani Ulaya ndege nyingi zimehamia kwenye nafasi za kilohezi 8.33, na skana ya zamani inayoruka kwa kilohezi 12.5 au 25 haitatua sawasawa juu yake.

Usichanganye kuskani na kutafuta. Ukiskani, redio inazunguka kwenye chaneli ulizozihifadhi mwenyewe. Ukitafuta, inatembea hatua kwa hatua kati ya masafa mawili uliyoyataja, ikiona mawimbi inasimama. Anayeanza ahifadhi chaneli kumi anazozijua vizuri. Akijaza chaneli mia tano, zile anazozihitaji atazikosa, kwa sababu redio itakuwa inahangaika na watu wengine.

Skwelchi nayo ichukue muda wako. Hiki ndicho kidhibiti kinachonyamazisha ule mvumo wa “shhhh” wakati hakuna anayeongea. Ukikifungua chote, mvumo unajaa na skana haiwezi kuzunguka, maana kila chaneli inaonekana ina mtu. Ukikikaza sana, mlango umefungwa: wanaopita ni wale wenye mawimbi mazito tu, na mtu aliye mbali mwenye betri inayokata hatapita. Utaratibu ni huu: chagua chaneli isiyo na mtu, fungua skwelchi hadi mvumo utoke, kisha ikaze taratibu mpaka mvumo ukatike. Ukikatika tu, acha hapo. Fanya hivyo mahali utakaposikilizia, kwa antena utakayoitumia, taa na chaja zote zikiwa zimewashwa kama zitakavyokuwa usiku huo. Chaja ya bei rahisi inatoa mvumo wake, na mvumo huo unabadilisha kila kitu.

Sasa kitufe chenye herufi L/O. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Kazi yake ni kuifungia chaneli ili skana iiruke inapozunguka. Ni kitufe kizuri. Kuna chaneli zinazopiga kelele muda wote, unakibonyeza mara moja na unapumua. Kwenye baadhi ya skana ukibonyeza mara moja chaneli inafungiwa kwa muda, hadi utakapozima na kuwasha. Ukibonyeza mara mbili harakaharaka, imefungiwa moja kwa moja. Hilo nililisoma kwenye kijitabu siku ya kwanza nikalisahau siku ya pili.

Mjomba wangu alikuwa na boti ya kuvulia yenye redio ya VHF. Alipokuwa akienda usiku, mimi ndiye nilibaki nchi kavu na skana. Makubaliano yetu yalikuwa mepesi: kwenye chaneli 72, ambayo ni 156.625 megahezi, wavuvi wanaongea mambo yao ya kawaida. Likitokea jambo, ataita kwenye 16, ambayo ni 156.8, chaneli ya dharura na ya kuitana baharini. Nikimsikia, nampigia simu mwenye boti nyingine aliyelala jirani, anaondoka kumfuata.

Jioni ile nilitembea na skana mfukoni, spika ya sikioni ikiwa imechomekwa, vitufe havijafungwa. Nikapanda juu ya paa, nikachomeka antena ya nje. Mjomba akaijaribu redio yake wakati anaondoka, akaniita kwenye 72, nikamsikia kama yuko chumba cha pili. Kwenye kioo namba zilikuwa zinakimbia. Kila baada ya dakika chache wavuvi walisikika kwenye 72 wakiulizana kuhusu nyavu na upepo. Nilizima na kuwasha mara moja ili nijiridhishe. Kila kitu kilikuwa hai. Chaneli 16 ilikuwa kimya, nami nikaupokea ukimya ule kama habari njema. Kuanzia saa saba usiku nilikuwa nasinzia na kuamka, nasikiliza, nasinzia tena.

Alirudi saa mbili asubuhi akivutwa kwa kamba na boti ya watu wengine. Injini ilikuwa imezima tangu saa nane usiku, na maji yalikuwa yanamsukuma kuelekea kwenye miamba. Alikuwa ameita kwenye 16, ametulia, ameita tena, mara nyingi. Boti iliyokuwa ikipita mbali ikamsikia, wakamalizana hapohapo kwenye 16 na kumfuata. Nilipomwamkia aliitikia, akaniangalia, akasema: “Nilikuita, mwanangu.” Hakuongeza neno. Mpaka leo sentensi ile inanirudia kila ninapoishika redio.

Nikaishika skana nikaacha kuskani, nikapanda chaneli moja moja kwa mkono. Nilipofika kwenye 16 zikatokea herufi mbili ndogo pembeni ya kioo: L/O. Kidole changu, au shinikizo la mfukoni, lilikuwa limekigusa kitufe mara mbili.

Zingatia mambo matatu hapo, ndiyo sababu nimekusimulia. Kwanza, alama ya kufungiwa inaonekana tu ukiwa umesimama juu ya chaneli yenyewe. Skana ikiwa inazunguka inairuka, kwa hiyo alama hiyo huwezi kuiona hata ukikodoa macho usiku kucha. Pili, kitufe hicho kinaifungia chaneli ile ambayo skana imesimama kwa wakati huo, na skana husimama zaidi kwenye chaneli yenye maneno mengi. Kosa la kidole, basi, linaweza kuiangukia chaneli ile ile unayoihitaji kuliko zote, mtu akiwa ameitumia dakika hiyo. Tatu, kusikia chaneli nyingine hakuthibitishi chochote. Tuliijaribu 72, ikajibu, nami nikaufanya ushahidi wa 72 kuwa ushahidi wa 16.

Kwa hiyo: kabla ya kila usiku wa kusikiliza, acha kuskani. Pita chaneli zote muhimu kwa mkono, moja baada ya nyingine, ukiangalia kioo. Iliyofungiwa ifungue. Fungua skwelchi kidogo juu ya kila moja usikie mvumo, ndipo ujue sikio lako liko wazi. Ukimaliza, funga vitufe. Skana nyingi zina njia ya kuvifunga, kwa kawaida kubonyeza kitufe fulani na kukishikilia. Usiitie mfukoni wala kwenye begi ikiwa imewashwa kabla ya kuvifunga.

Kama skana yako ina kipaumbele, kitumie. Ukiichagua chaneli moja kuwa ya kipaumbele, redio inaichungulia kila baada ya sekunde mbili hivi hata ikiwa inasikiliza chaneli nyingine. Utasikia kakatizo kadogo kwenye mazungumzo kila inapochungulia. Kavumilie.

Ucheleweshaji uuache umewashwa. Bila huo, mtu akimaliza kusema skana inaondoka papo hapo, na jibu linalokuja sekunde moja baadaye unalikosa. Utakuwa unasikia maswali tupu.

Kuna pia toni za CTCSS, mlio wa chini sana unaosafiri pamoja na sauti ili redio za kikundi kimoja zitambuane. Ukiiwekea chaneli toni, skana itamruhusu mwenye toni hiyo peke yake. Ni nzuri mahali penye vikundi vingi kwenye masafa mamoja. Kwenye chaneli ya dharura usiiweke kamwe, maana mwenye shida anaita kwa redio yoyote aliyonayo.

Kipunguza nguvu, kile chenye herufi ATT, kinasaidia ukiwa karibu na mnara wa redio ya FM unaoziba kila kitu. Ukiondoka hapo, kizime. Watu wanakisahau, kisha wanalalamika kwamba skana imezeeka.

Antena: ile fupi ya mpira inayokuja na boksi inafaa kwa kuanzia. Ukitaka kujitengenezea ya robo wimbi, gawanya 75 kwa megahezi, utapata urefu kwa mita. Kwa 156.8 ni kama sentimita 48, kwa 121.5, masafa ya dharura ya ndege, ni kama sentimita 62. Kuipandisha juu kunasaidia kuliko kununua skana ghali zaidi, kwa sababu mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na nyumba na vilima vinayakata. Waya mrefu na mwembamba unakula mawimbi njiani, usiuzungushe nyumba nzima. Radi zikianza kwa mbali, chomoa antena ya nje. Usingoje zifike.

Betri. Skana nyingi za mkononi zina kiswichi kidogo ndani ya sehemu ya betri: upande mmoja betri za alkalaini, upande wa pili betri za kuchaji. Kiswichi kikiwa upande wa kuchaji nawe umetia alkalaini, kisha ukachomeka chaja, betri zinaweza kuvuja au kupasuka, na maji yake yanakula vile vyuma vya ndani. Fungua uangalie kabla ya kuchomeka waya wowote. Weka seti ya pili ya betri mahali unapoweza kuifikia gizani.

Andika chaneli zako kwenye karatasi: namba, masafa, AM au FM, nani anasikika hapo. Kumbukumbu ya skana inaweza kufutika kwa kubonyeza vitufe vibaya wakati wa kuwasha.

Na mengine ambayo unayajua lakini nayasema. Usibonyezebonyeze skana huku unaendesha. Usikimbilie eneo la ajali au moto kwa sababu umelisikia hewani, utawazuia wanaokwenda kuokoa. Uliyoyasikia kuhusu mtu aliyeumia yasitoke kinywani mwako, ndugu zake wanaweza kuwa hawajapata habari. Ukiwa na redio ya upepo mkononi, usiibonyeze kuongea huku antena yake ikigusana na ya skana, nguvu yake inaweza kuiumiza. Ukivaa spika za sikioni, punguza sauti kabla ya kugusa skwelchi, mvumo ukifunguka ghafla unaumiza. Ukimwachia mtu mwingine zamu, usimpe skana tu na kwenda kulala. Kaa naye, mpitishe kwenye kila chaneli kwa mkono, mwonyeshe kitufe cha L/O kiko wapi, na umwache afunge vitufe yeye mwenyewe huku ukiona.