Mwaka 1856 kwenye kamba ya usumba

Nimesomesha historia Unguja miaka mingi, na ubao ndio ulionichosha. Unaandika tarehe kumi, watoto wananakili kumi, wiki ijayo zimebaki mbili. Siku hizi mwaka mzima nautundika kwenye kamba, na ninaoupenda ni 1856.

Nunua kamba nyembamba ya usumba. Kwenye nene vibanio vya nguo havishiki. Unataka mita 6, lakini anza na 7, maana mafundo hula kamba. (Mara ya kwanza Disemba yangu ilikatika katikati.) Piga fundo kila sentimita 50, mwezi mmoja baina ya fundo na fundo, kisha ifunge ukutani usawa wa macho ya mtoto, si yako.

Kadi zikate kwenye maboksi ya sabuni. Kila kadi iwe na tarehe mbili: kwa wino mwekundu, siku jambo lilipotokea, kwa buluu, siku habari ilipofika pale tunapopazungumzia. Buluu usipoijua, acha nafasi watoto wakadirie. Hapo ndipo somo lilipo.

Kadi za mbali zipitie haraka. Machi 30, mkataba wa Paris unamaliza vita vya Crimea. Mei, msafiri Livingstone anafika Quelimane, Msumbiji, akitokea Luanda, Angola, kwa miguu, na Disemba yuko Uingereza. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya usiyatundike hapa, aliyaona Novemba 1855. Kila mwaka kuna mtoto anayenijia nayo.

Ya kukaa nayo ni Oktoba 19. Pima sentimita 30 baada ya fundo la mwanzo wa Oktoba, bana kadi: Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, amefariki. Wapi? Mimi mwenyewe niliwahi kuandika ubaoni "amefia Unguja", msichana wa mstari wa nyuma akanisahihisha, nami nikafuta. Alifia baharini karibu na Shelisheli, ndani ya meli yake Victoria, akirudi kutoka Oman. Mwanawe Barghash alikuwamo melini. Mwanawe mwingine, Majid, alikuwa Unguja, hana habari. Ndugu yao Thuwaini alikuwa Maskati, Oman, naye hana.

Sasa waulize: nani anajua, na anajua tangu lini? Wagawe watoto watatu, kila mmoja kona yake, na kadi apewe wa melini peke yake. Darasa litaona lenyewe kwa nini Barghash, meli ilipofika siku chache baadaye, aliushusha mwili usiku kwa siri akajaribu kushika madaraka. Hakufanikiwa, akatawala Majid. Kisha uliza habari ilifikaje Maskati, na upepo wa kusi, unaosukuma majahazi kwenda kaskazini, umeshakatika, na wa kaskazi, unaoyarudisha kusini, ndio unakaribia kuvuma. Watoto wa pwani, wa Nungwi na Mkokotoni, hawahitaji kufundishwa jibu; waachie wao waseme.

Chini yake funga kamba ya pili, ya mwaka wa Kiislamu. Mwaka wake una upungufu wa siku 11 hivi, kwa hiyo ni fupi kwa sentimita 18, na fundo lake la mwaka mpya linaangukia mwanzoni mwa Septemba, 1272 ikipisha 1273. Oktoba 19 ikasomeka Safar 19, namba ileile. Watoto hupiga makelele hapo.

Disemba bana wasafiri Waingereza Burton na Speke, wakishuka Unguja kutafuta njia ya maziwa. Kadi ya Wakhosa wa Afrika Kusini, waliochinja ng'ombe wao kwa utabiri wa msichana Nongqawuse, iache ining'inie kwenye ncha ya kamba, kwa sababu njaa yake iliingia 1857.

Kadi moja haina pa kubanwa. Aprili 2, 1861, Canning, mtawala wa Uingereza nchini India, aliamua Unguja na Oman zitengane, na Majid amlipe Thuwaini riale 40,000 kwa mwaka. Kwa kipimo chetu ni mita 25 na nusu kupita ncha ya kamba. Mpe mtoto kadi na futi, mwambie atoke nje apime. Kwetu huishia chini ya muembe, karibu na mfereji.