Kufufua Massey Ferguson 135 uani kwako, kutoka chuma kilicholala mpaka plau linanyanyuka

Trekta za Massey Ferguson 135 zilitoka kiwandani Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 mpaka 1975, na hadi leo ukizunguka vijijini hukosi kuikuta moja imelala nyuma ya banda, kuku wanataga kwenye siti. Mwenyewe atakwambia injini imekufa. Usimbishie, we muulize bei tu. Mimi nazifufua hizi na nyingi zinazoitwa maiti shida yake ni hewa kwenye dizeli, au vumbi, au maji ya mvua, ndo maana naanza na vitu vya bei ndogo kwanza, kufungua injini kunakuja baadae kabisa kama kuna haja, na rangi ndo inafunga kazi.

Kabla ya yote tafuta spana za inchi. Nati karibu zote za hii trekta ni za inchi, nusu, tisa kwa kumi na sita, robo tatu, na ukilazimisha spana za milimita utazila kona zote alafu uanze kuhangaika na tindo.

Hatua ya 1: usipige stata

Najua unatamani kusikia mlio lakini subiri. Eksozi ya 135 nyingi imesimama wima, watu wanaiacha bila kuifunika, mvua inashuka mpaka kwenye silinda ambayo valvu yake ilibaki wazi. Ukipiga stata, au mbaya zaidi ukaifunga kamba ivutwe na gari, maji hayabonyei, kondarodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda na hapo umeshajitafutia gharama ambayo haikuwepo. Chomoa nozeli zote 3 (zinazopuliza dizeli kwenye silinda), weka kila moja na bomba lake usichanganye. Mimina kwenye kila tundu dizeli iliyochanganywa na oili ya gia boksi otomatiki, kikombe cha kahawa kinatosha, acha ilale siku mbili tatu. Alafu ingiza spana ndefu kwenye nati ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kule mbele uizungushe kwa mkono, nenda rudi nenda rudi, bila hasira. Ikizunguka raundi nzima mara kadhaa bila kugonga popote, funika matundu kwa kitambaa, kaa pembeni, ndo sasa piga stata kidogo iteme uchafu wote. Stata isipoitika angalia gia ziwe fri kwanza, kuna swichi ya usalama hapo, watu wananunua stata mpya bure.

Hatua ya 2: oili na njia ya upepo

Fungua nati ya sampu (karai la oili chini ya injini) taratibu. Kama kuna maji yatatangulia kutoka maana yanakaa chini ya oili. Mwaga yote, badili filta, weka oili mpya ya 15W-40, inaingia kama lita 7 hivi ila mwamini kijiti cha kupimia kuliko mimi.

Eya klina yake ni ile ya bakuli la oili chini. Ukilifungua utakuta tope zito jeusi kama ugali wa mtama. Osha kwa mafuta ya taa, jaza oili safi mpaka kwenye alama, usizidishe maana injini itainyonya. Alafu shika ule mpira unaotoka eya klina kwenda kwenye manifoldi (njia ya upepo kuingia kwenye injini), ukunje kwa vidole uangalie nyufa. Mpira ukiwa umepasuka vumbi la shamba linaingia moja kwa moja kwenye ringi na laina, na nyie mnajua vumbi la Januari lilivyo. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu nunua huo mpira.

Hatua ya 3: dizeli, hapa usiwe na haraka

Tenki liko juu ya injini chini ya boneti. Lishushe, mwaga kilichomo, tia mnyororo mfupi na dizeli kidogo ulitikise mpaka kutu ibanduke, suuza mpaka itoke safi. Hakikisha katundu ka hewa kwenye mfuniko hakajaziba, kakiziba trekta inatembea dakika chache inazima. Weka filta mpya. Rudisha nozeli, kila moja na washa (pete bapa) mpya ya shaba, ya zamani itoe mle ndani kwanza maana inapenda kubaki kwenye tundu, ukaweka mbili bila kujua.

Sasa kutoa hewa. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kile kilevi kidogo cha lifti pampu (inayovuta dizeli toka tenki) pembeni mwa injini mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Kama kilevi kiko legelege hakisukumi kitu, lifti pampu sio mbovu, ni kamu imesimama vibaya, zungusha krenki raundi moja ujaribu tena. Ukimaliza nenda kwenye injekta pampu (inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozeli), legeza skrubu ya ubavuni, pampu, kaza, alafu ile ya juu kwenye gavana (inayodhibiti mwendo wa injini), pampu, kaza. Mwisho legeza nati za mabomba pale kwenye nozeli, vuta aksileta mpaka mwisho, piga stata hadi dizeli ichuruzike, kaza. Usiweke kidole mbele ya nozeli inayopuliza, ile presha inapenya ngozi na ni hospitali moja kwa moja.

Injekta pampu yenyewe usiifungue nyumbani. Ikisumbua peleka kwa wenye mashine ya kupimia.

Hatua ya 4: tapeti

Injini ikiwa ya baridi, nafasi kati ya roka na valvu iwe milimita 0.30 kwa zote. Silinda moja moja: zungusha krenki mpaka valvu ya kuvuta upepo imalize kujifunga, ongeza karibu nusu raundi, pima mbili za silinda hiyo.

Hatua ya 5: kuiwasha

Maji kwenye redieta, betri ya volti 12 iliyojaa, na mtu amesimama na kipande cha ubao tayari kuziba mdomo wa upepo endapo injini itakimbia na kukataa kuzima. Ikiwaka macho yote kwenye geji ya oili, isipopanda ndani ya sekunde chache zima. Moshi mweupe mwanzoni ni kawaida, ile dawa uliyomimina inaungua.

Hatua ya 6: mikono ya nyuma na breki

Mikono haipandi? Angalia levi ya PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine za shambani). Pampu ya haidroliki inaendeshwa na shafti ya PTO, levi ikiwa nje utakaa hapo mpaka jioni. Ikiwa ndani na bado, angalia oili ya gia boksi, ndo hiyohiyo inayonyanyua plau. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa imwage yote, ni zaidi ya lita 30 kwa hiyo jipange. Breki ikiteleza upande mmoja usikimbilie kununua leza za breki, fungua dramu, mara nyingi sili ya eksoli inavujisha oili.

Hatua ya 7: rangi

Nyekundu kwenye bati, kijivu kwenye injini na gia boksi. Rimu za nyuma zing'oe tairi ukague pale kwenye valvu, waliokuwa wanajaza maji kwa ajili ya uzito hapo ndo panapooza. Kibati cha namba kibandike tepu kabla hujapuliza, ukienda dukani kuuliza spea namba hiyo ndo wataiuliza kwanza.