Kutoka Kisumu Hadi Gothia Cup: Anza na Cheti cha Kuzaliwa

Klabu nyingi za magharibi mwa Kenya zikipata wazo la kupeleka vijana Ulaya huanza kwa harambee. Huko ni kuanzia mwisho. Pesa zinaweza kupatikana hata mwezi wa mwisho, lakini cheti cha kuzaliwa chenye jina lisilolingana na la shuleni hakirekebishwi kwa wiki mbili. Ikiwa mnalenga Gothia Cup ya Gothenburg, Uswidi, mashindano ya soka ya vijana yaliyoanza 1975 na ambayo huchezwa Julai, anzeni kukusanya karatasi Septemba au Oktoba ya mwaka uliotangulia. Kwa Norway Cup ya Oslo, inayoangukia mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, hesabu ni ile ile.

Karatasi za watoto

Siku ya kwanza, kabla hata ya kuchagua kikosi, mwambie kila mzazi alete cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chake mwenyewe, na ripoti ya shule. Viweke mezani pamoja usome herufi kwa herufi. Cheti kinasema "Brian Ochieng", ripoti inasema "Bryan Ochieng Otieno", na tarehe ya kuzaliwa imepishana mwaka mmoja. Mtoto wa namna hiyo akifika kwenye pasipoti atakwama, na akipita hapo atakwama kwenye viza. Jambo la umri ni zito zaidi, kwa sababu mashindano haya hupanga vijana kwa mwaka wa kuzaliwa na pasipoti ndiyo ushahidi. Usimsajili mchezaji kwa umri wa kukadiria.

Watoto wengine hawana cheti kabisa, wana karatasi ya kliniki tu. Hao waanze usajili wa kuchelewa katika ofisi ya usajili wa raia, wakiwa na barua ya naibu wa chifu na ushahidi wa shule. Mtoto anayelelewa na nyanya yake baada ya wazazi kufariki anahitaji subira zaidi: vyeti vya vifo vya wazazi, na hati ya mahakama inayomtambua mlezi. Barua ya chifu peke yake mara nyingi haitoshi. Mtoto huyo asiachwe nje ya kikosi kwa sababu hiyo. Faili lake ndilo lifunguliwe la kwanza.

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha mtoto na mzazi hufika wenyewe ofisi ya uhamiaji. Kisumu ipo, Nakuru ipo, Eldoret ipo, kwa hiyo hakuna haja ya kumsafirisha kila mtu hadi Nairobi kwa hatua hii. Mzazi aandike pia idhini ya safari na kuiapa mbele ya wakili au kamishna wa viapo, akitaja jina la mtu mzima atakayemsimamia mwanawe, tarehe na nchi.

Upande wa klabu, hakikisha mmesajiliwa kwa Msajili wa Michezo, na muombe barua ya FKF, shirikisho la soka la Kenya, mapema kupitia tawi lenu. Julai huwa bado ni muhula wa pili, kwa hiyo kila mwalimu mkuu atoe barua ya ruhusa inayosema mwanafunzi anatarajiwa kurudi darasani tarehe gani. Barua hiyo ina kazi mbili, maana ofisa wa viza naye huitafuta.

Viza

Maombi ya viza ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya zikiwemo Uswidi na Norway, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Msisubiri hizo 15. Uamuzi huchukua hadi siku 15, na faili likihitaji kuchunguzwa zaidi huweza kufika siku 45. Kwa mashindano ya katikati ya Julai, omba miadi ya Aprili. Pasipoti iwe na angalau kurasa mbili tupu, na iwe halali kwa miezi 3 baada ya kutoka Ulaya. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi kwa kila mtu.

Klabu nyingi hupoteza pesa hapa bila kujua. Sheria ya viza ya Ulaya huwasamehe ada vijana wa miaka 25 kwenda chini wanaowakilisha shirika lisilo la faida kwenye shughuli ya michezo iliyoandaliwa na shirika lisilo la faida. Kocha aliyepita umri huo hulipa yuro 90. Andika ombi la msamaha kwenye barua ya klabu na uambatanishe cheti cha usajili. Malipo ya huduma ya kituo cha viza hubaki pale pale.

Maombi ya timu hukataliwa zaidi pale ofisa anapokosa sababu ya kuamini kwamba wote watarudi. Mpe mwaliko rasmi wa mashindano, orodha moja ya majina yanayofanana na pasipoti, taarifa za benki za anayegharamia, barua za shule, na nafasi za ndege za kwenda na kurudi zilizoshikwa kwa jina la kundi. Kuanzia watu 10, mashirika mengi ya ndege hukubali amana kwanza na majina baadaye. Tiketi zilipiwe zote viza zikitoka. Nao watu wazima wasizidi mahitaji: kwa wachezaji 16, watatu wanatosha, kila mmoja na cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Timu ya wasichana isisafiri bila mwanamke kati yao. Jirani au mfadhili anayetaka kuingizwa kama "meneja msaidizi" aambiwe hapana, maana jina moja la kutiliwa shaka huwaponza watoto wote.

Nyasi bandia

Mechi nyingi kule huchezwa kwenye nyasi bandia. Mtoto aliyekulia kwenye uwanja wa murram wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, amezoea kungoja mpira udunde vibaya kisha aumiliki. Kule mpira huteleza moja kwa moja, na pasi ya kupenyeza hutoka nje kabla winga hajafika. Kwa kuwa timu lazima ifike Nairobi kwa alama za vidole za viza, panga siku mbili na ukodi uwanja wa nyasi bandia, kama Camp Toyoyo kule Jericho. Fanyeni mazoezi ya pasi za chini na za nguvu ndogo. Njumu ziwe za meno mafupi na mengi. Meno marefu hunasa, mguu ukabaki na goti likazunguka. Zivaliwe wiki tatu au nne kabla ya safari, la sivyo malengelenge yatamtoa mtu mechi ya pili. Michubuko ioshwe kwa maji na sabuni siku hiyo hiyo.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130, ilhali Gothenburg iko pwani. Hewa ya chini ni nzito, kwa hiyo krosi iliyofika kwenye uwanja wa Afraha, Nakuru, itaanguka fupi kule. Kipa na wapigaji wa mipira mirefu wapewe kipindi kizima cha kuzoea siku ya kwanza.

Baada ya mechi za makundi, timu mbili za juu huenda mtoano A, zilizobaki huenda B. Hakuna anayefungasha mapema, basi usiwamalize wale 11 wa kwanza kwenye makundi.

Malazi ni madarasa ya shule. Kila mmoja awe na begi la kulalia, godoro la kupuliza, sweta, koti la mvua na kitambaa cha kufunika macho, kwa kuwa jua la Julai huzama saa nne usiku. Nyama na maziwa, mursik ikiwemo, haviruhusiwi kuingizwa Ulaya.

Pasipoti zote zishikwe na mtu mzima mmoja, nakala na mwingine. Mkirudi, kusanya pasi za kupandia ndege za kila mchezaji kabla hazijatupwa pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kisha zitie kwenye faili la viza la mwaka unaofuata.