Ujumbe wa WhatsApp ubaoni: ninavyofundisha S.2 (kidato cha pili) kupima habari

Shuleni kwetu Njeru, Uganda, ng'ambo ya Mto Nile kutoka Jinja, mwanafunzi akikutwa na simu ananyang'anywa hadi mwisho wa muhula. Kwa hiyo somo la kupima habari za mtandaoni naliendesha kwa chaki, na simu moja tu, yangu.

Chagua jumbe mbili, moja ya kweli na moja ya uongo. Zinakili ubaoni kama zilivyo, pamoja na makosa ya tahajia na ile amri ya "tuma kwa watu kumi". Usiseme ipi ni ipi. Mwaka wa kwanza nilileta za uongo tupu nikajiona bingwa. Kufika wiki ya tatu, nikigusa tu ubao darasa linaitikia, "Uongo, Mwalimu!" Hawakuwa wanafikiri, walikuwa wameshanisoma mimi.

Siku hizi naanza na hizi. Ya kwanza: Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964. Ya pili: picha ya daraja lililokatika, na maneno "Bwawa la Nalubaale limepasuka", yaani bwawa la umeme la hapa kwetu, kwenye Nile. Wengi huikataa ya kwanza, eti tarakimu zimenyooka mno. Ndiyo ya kweli.

Kabla ya mjadala, kila mmoja aandike daftarini: nikiona nini nitabadili mawazo? Dakika tano, kimya. Ukiiruka hatua hii, wenye sauti kubwa watawaamulia wenzao.

Kisha uliza wanachokijua bila intaneti. Msichana mmoja aliitazama picha akasema, "Mwalimu, pale Nalubaale barabara inapita juu ya bwawa lenyewe. Hizi nguzo ndefu zimetoka wapi?" Mtoto amekulia hapo, ushahidi anao miguuni.

Simu hutoka mwisho. Usiendelee kuukodolea macho ujumbe. Toka nje yake. Picha itafute kwa picha: ukiikuta ilishatumika miaka ya nyuma kwa nchi nyingine, kesi imekwisha. Takwimu itafutie aliyepima.

Na akili mnemba (AI)? Iulize kwa mtego: "Kwa nini Nalubaale ilipasuka?" Wanafunzi waone kama itakataa swali au itatunga sababu. Katika maandishi ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwalimu wake Sokrates analalamika kwamba maandishi ukiyauliza hurudia yaleyale. Angeiona hii inayomjibu kila mtu anavyotaka, sijui angelalamika vipi.

Ubaoni, kando ya safu za "kweli" na "uongo", acha safu ya tatu: "bado sijui". Anayejiandika hapo asichekwe, ila kipindi kijacho alete jina la mtu aliyemuuliza. Muhula uliopita kijana mmoja alimleta mjomba wake mvuvi mwenyewe, naye akasimama mbele ya darasa na kutuonyesha, kiganja kikiwa kiunoni, maji yalipofika sebuleni kwake mwaka 2020.