Jinsi ya Kusoma Slaidi ya Njia ya Chakula kwa Hadubini

Mwanafunzi wa tiba au wa maabara anayewekewa slaidi ya utumbo kwa mara ya kwanza huona waridi na zambarau zilizochanganyikana, na kosa analolifanya mara nyingi ni kukimbilia lenzi kubwa kabla hajajua yuko wapi. Njia ya chakula, kuanzia umio hadi njia ya haja kubwa, imejengwa kwa mpango mmoja, na kinachobadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine ni kile tu ambacho kazi ya sehemu hiyo inakidai. Ukiushika mpango huo, kisha ukajiuliza kila unachokiona kinafanya kazi gani, utaitambua sehemu hata kama picha yake hukuwahi kuiona kitabuni.

Zielewe rangi kwanza. Slaidi nyingi za mafunzo hutiwa hematoksilini na eosini, baada ya tishu kuhifadhiwa kwa formalini, kuzamishwa katika nta na kukatwa vipande vyenye unene wa maikromita 4 hadi 5 hivi. Hematoksilini hukolea zambarau kwenye viini vya seli, ilhali eosini hutia waridi misuli, nyuzi na sehemu kubwa ya mwili wa seli. Ute haushiki vizuri rangi hizi mbili, kwa hiyo seli iliyojaa ute huonekana nyeupe au yenye povu. Likumbuke jambo hilo, maana utalihitaji karibu kila hatua.

Sasa weka lenzi ndogo kabisa, ile ya mara 4, uutafute uwazi ambamo chakula hupita, kisha uisogeze slaidi polepole kutoka uwazini kwenda nje. Utapita tabaka nne: utando wa ndani, tabaka legevu lililo chini yake lenye mishipa ya damu, misuli, na ganda la nje. Mwisho wa utando wa ndani kuna ukanda mwembamba wa misuli laini, wenye upana mdogo tu ukilinganishwa na misuli mikubwa iliyo nje zaidi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo alama yenye manufaa kuliko zote, kwa sababu tezi iliyo juu ya ukanda huo na tezi iliyo chini yake hazitoi habari moja, na wengi hukosea kwa kutoutafuta.

Misuli mikubwa nayo ina safu mbili: ya ndani huuzunguka mrija kama pete, ya nje hufuata urefu wake. Katikati ya safu hizo tafuta vikundi vya seli kubwa zenye viini vyeupevyeupe. Hizo ni seli za neva za mtandao wa Auerbach, ambao huongoza mikazo inayosukuma chakula. Mtandao wa pili, wa Meissner, umo katika tabaka legevu. Usizipite haraka. Mtoto mchanga anayeshindwa kutoa choo anaweza kuwa na ugonjwa wa Hirschsprung, ambao seli hizi hukosekana katika sehemu ya mwisho ya utumbo, na daktari wa patholojia huuthibitisha kwa kutazama kipande kidogo cha tishu na kuzikosa pale zilipotakiwa kuwapo.

Baada ya kuona tabaka, rudi kwenye uso wa ndani. Ukikuta safu nyingi za seli zilizolazwa bapa juu ya nyingine, uko kwenye umio, kwa kuwa chakula kigumu hupita hapo kwa msuguano na seli za juu zinatakiwa kubanduka bila hasara. Misuli itakuambia ni umio wa wapi: theluthi ya juu ina misuli yenye mistari kama ya mkono, theluthi ya chini ina misuli laini, na ya kati imechanganya zote mbili.

Ukikuta safu moja ya seli ndefu zilizojaa ute, ikididimia na kufanya vijishimo ambavyo tezi ndefu humiminia humo, hilo ni tumbo. Panda hadi lenzi ya mara 40 uziangalie tezi zenyewe. Seli kubwa za mviringo zenye waridi iliyokolea na kiini katikati hutoa asidi ya hidrokloriki pamoja na protini ambayo bila hiyo vitamini B12 haifyonzwi vya kutosha. Chini zaidi, kwenye vitako vya tezi, kuna seli za zambarau zitoazo pepsinojeni, ambayo asidi huigeuza kuwa kimeng'enya cha kuvunja protini. Waridi ya seli za asidi inatokana na wingi wa mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, kwa maana kusukuma asidi hula nishati nyingi.

Utumbo mwembamba ndio unaostahili muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Uso wake umeinuka katika vijidole vyenye urefu wa nusu milimita hadi milimita 1, na kati ya vijidole kuna vishimo vinavyozama hadi karibu na ule ukanda mwembamba. Seli huzaliwa vishimoni, hupanda kijidole na kubanduka kileleni baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Kila seli ya kufyonza ina ukingo wa waridi juu yake, ambao kwa hadubini ya elektroni ni maelfu ya vinywele vya maikromita 1 hivi. Ndipo virutubisho vinapopokewa. Kati ya seli hizo zimo za umbo la bilauri, nyeupe kwa ute, na vitakoni mwa vishimo zimo seli za Paneth, zenye chembechembe za waridi kali zinazoua bakteria.

Mara nyingi mkato hupita mshazari, vijidole vikaonekana kama visiwa vinavyoelea. Hapo tazama katikati ya duara: kijidole kina tishu na mishipa ya damu katikati na seli za uso pembeni, ilhali kishimo kina uwazi katikati na tishu nje yake.

Kutofautisha sehemu tatu za utumbo mwembamba, yaani duodenamu ya mwanzo, jejunamu ya kati na ileamu ya mwisho, rudi kwenye lenzi ndogo. Tezi za ute zikijaa chini ya ukanda mwembamba, hizo ni za Brunner na uko duodenamu, ambako ute wenye alikali hupunguza ukali wa asidi itokayo tumboni. Mafundo makubwa ya zambarau ya seli za kinga, yaani madoa ya Peyer, yanaashiria ileamu. Ukikosa vyote viwili na kukuta mikunjo mirefu, elekea jejunamu, lakini kwa tahadhari: madoa ya Peyer hukaa upande ulio mbali na mahali utumbo uliponing'inizwa, kwa hiyo kipande cha ileamu kilichokatwa upande wa pili kinaweza kuyakosa kabisa.

Utumbo mpana hauna vijidole. Uso wake ni tambarare, vishimo vimenyooka kama mirija ya maabara iliyopangwa kwenye kishikio, na seli za bilauri ni tele kwa sababu kinyesi kinachokauka kinahitaji utelezi. Kidoletumbo hufanana nao, ila mafundo ya seli za kinga huuzunguka uwazi wake mwembamba.

Kabla ya kuiondoa slaidi, ichore kwa penseli mbili, waridi na zambarau, uandike ukuzaji uliotumia na alama mbili zilizokufanya ukate shauri. Ukishindwa kuitaja alama ya pili, rudisha lenzi ya mara 4 uanze tena uwazini.