SOMO: Gharama za nyumba ya kupangisha Mtwara na Lindi, kabla hujataja kodi

Kila wiki swali ni lile lile: "Nimemaliza vyumba vyangu Chuno, nipangishe bei gani?" Nami kila wiki nauliza: chumba chako kinakula shilingi ngapi kwa mwezi? Hapo kimya. Naandika mara moja, wanaokuja wasome hapa.

Mfano wetu ni nyumba ya chini yenye vyumba sita, choo na bafu vya pamoja, kila chumba elfu 40 kwa mwezi. Weka namba zako, hesabu ni ile ile.

Hatua ya 1. Sajili laini ya simu au fungua akaunti ya kupokelea kodi ya wapangaji peke yake. Isichanganywe na hela ya sokoni.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya mwaka, si ya mwezi. Vyumba sita kwa elfu 40 ni 240,000 kwa mwezi, 2,880,000 kwa mwaka. Sasa toa. Kila chumba kikae kitupu mwezi mmoja kwa mwaka: 240,000. Zimebaki 2,640,000. Kodi ya zuio ya pango, inayokwenda TRA (mamlaka ya mapato), asilimia 10: 264,000. Ukarabati, weka kodi ya mwezi mmoja wa nyumba nzima: 240,000. Kodi ya jengo, inayokatwa ukinunua umeme wa LUKU, 18,000. Kunyonya karo (shimo la choo), tuseme 100,000 (uliza bei ya mtaani kwako). Unabaki na 2,018,000, sawa na kama 168,000 kwa mwezi. Mwenye kiwanja kilichopimwa aongeze na kodi ya ardhi. Kama ulikopa ukitegemea 240,000, rejesho litakukaba mwaka wa kwanza tu.

Hatua ya 3. Kodi ya miezi sita ni ya miezi sita. Vyumba vyote vikilipa kwa mkupuo unashika 1,440,000, na siku hiyo hiyo kuna mtu wa kukuuzia pikipiki. Tenga kwanza: zuio 144,000, ukarabati 120,000, karo 50,000, kodi ya jengo 9,000. Jumla 323,000. Inayobaki, 1,117,000, igawe kwa saba, si kwa sita. Kila mwezi chukua fungu moja, kama 159,000, la saba usiliguse.

Hatua ya 4. Umeme. Hapa ndipo nilipowahi kuharibu, kwa hiyo hapa nakaa.

Mita moja kwa nyumba nzima inaonekana nafuu kwa sababu unalipia kuunganishwa mara moja. Lakini angalia bei. Mteja wa matumizi madogo, D1, analipa kama shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. T1, kundi la wanaovuka hapo, ni kama 356. Chumba chenye taa, runinga, feni na pasi tukikikadiria uniti 30, vyumba sita ni uniti 180. Kwa D1 zingekuwa 21,960. Mita moja haiwezi kubaki D1 kwa uniti 180, inahamia T1, na hapo ni kama 64,000. Tofauti ni 42,000 kila mwezi, zaidi ya laki tano kwa mwaka, na juu yake giza na ugomvi wa "nani amewasha pasi".

Mita sita nazo ni nyingi, mjini kila moja ni zaidi ya laki tatu. Ninachoshauri ni mita tatu, kila moja vyumba viwili. Viwili kwa uniti 30 ni 60, bado uko chini ya 75. Omba kupitia NIKONEKT, mfumo wa mtandaoni wa TANESCO (shirika la umeme), ukiwa na namba yako ya NIDA, na kila mita iwe na waya zake na meni swichi yake. Fundi akiunganisha waya wa chumba cha tatu kwenye mita ya wawili, mpango wote umekufa.

Sasa tahadhari, zisomwe zote.

Usidhani mita mpya iko D1. Pima: nunua umeme wa 5,000 kwa mara ya pili ndani ya mwezi, maana ununuzi wa kwanza umeshakatwa kodi ya jengo. Ukipata kama uniti 41, ni D1. Ukipata 14, ni T1, nenda TANESCO ukaombe kubadilishiwa.

Mita tatu maana yake kodi ya jengo inaweza kukatwa mara tatu: 1,500 kwa kila mita, 54,000 kwa mwaka badala ya 18,000. Nenda TRA na namba za mita zote ueleze kuwa jengo ni moja, ibaki mita moja inayokatwa. Usisubiri. Na ile ambayo hainunuliwi umeme haisamehewi, deni linajilimbikiza linamsubiri atakayenunua.

Mpangaji anayeuza barafu au juisi ya ukwaju usimweke na mwenzake kwenye mita moja. Friji lake peke yake linawatoa wote wawili D1. Mpe mita yake, na iandikwe kwenye mkataba.

Hatua ya 5. Maji: funga koki zote usiku, piga picha mita, piga tena asubuhi kabla mtu hajachota. Namba ikisogea kuna bomba linavuja au boya la tanki halifungi. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inamwaga zaidi ya lita 20 kwa siku.

Hatua ya 6. Bati na karo ni kazi ya Agosti na Septemba. Mvua zetu ni msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na korosho zikianza kulipa kila mtu anajenga, fundi hakupokelei simu. Panda juu, tikisa misumari, badilisha iliyopasuka mipira. Shangani, Mikindani na pwani ya Lindi chumvi inaanza kula bati kwenye matundu ya misumari na kingo zilizokatwa, paka rangi hapo kabla halijatoboka. Ukinunua jipya, geji 28 ni nene kuliko 30. Kenchi (mbao zinazobeba paa) zifungwe na ukuta kwa chuma. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikuwa onyo la kutosha kwa pwani hii.

Hatua ya 7. Mkataba wa maandishi, picha za chumba siku ya kuingia, risiti kila malipo.

MASWALI

Mgeni wa Ligula: Asante mkuu. Kwa hiyo vyumba vyangu nipangishe bei gani?

Jibu: Hatua ya 2.

Mgeni wa Ligula: Nimesoma lakini si ungetaja tu bei ya Ligula.

Jibu: Bei ya jirani inakuambia mpangaji atakubali kulipa nini, haikuambii wewe utabaki na nini. Lete gharama zako za mwaka hapa, tuzipige pamoja.

Fundi Umeme Mikindani: Mita tatu za nini? Weka mita moja ya TANESCO, ndani funga mita ndogo kila chumba, mambo yamekwisha.

Jibu: Mita ndogo inagawa bili, haishushi bei. TANESCO bado anaona uniti 180 kwenye mita moja. Inasaidia ndani ya ile mita ya vyumba viwili wakigombana, hapo nakubali.

Mama Swaumu: Shikamoo mwalimu. Mimi hesabu za hatua ya 2 na ya 3 hazilingani. Ya juu napata 168,000, ya chini 159,000. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mama, hujakosea, umesoma vizuri kuliko wote. Hatua ya 2 inaacha mwezi mmoja mtupu kwa mwaka. Kugawa kwa saba ni kama kuacha mwezi mmoja kwa kila miezi sita, tahadhari karibu mara mbili. Nimefanya makusudi, kwa sababu wapangaji walioingia pamoja hutoka pamoja. Vyumba vikijaa, fungu la saba linabaki, ndilo la bati. Ukipangisha wanafunzi wa Stella Maris usilipunguze kabisa, chuo kikifungwa Julai vyumba vinaweza kukaa vitupu mpaka Oktoba.

Mama Swaumu: Nimeelewa. Na mpangaji anayelipwa korosho, anataka kulipa mwaka mzima Desemba?

Jibu: Mpokee, ni mpangaji mzuri. Usimkabe Julai wakati hela yake iko shambani. Ila gawa kwa kumi na tatu, na ukimpunguzia, usizidi kodi ya mwezi mmoja.

Mzee wa Mtanda, Lindi: Hizi ni hesabu za waoga. Nina vyumba kumi, sijawahi kutenga hata mia.

Jibu: Mzee wangu, kwa heshima, nyumba ina miaka mingapi? Ikiwa mpya haijaanza kula. Bati la vyumba kumi haliharibiki chumba kimoja kimoja, na karo likijaa halisubiri mwezi wa kodi. Sijamwita mtu mwoga, naomba nami nisiitwe.

Mzee wa Mtanda, Lindi: Ina miaka minne. Nitapanda kuangalia hiyo misumari.

Binti Chikongola: Mpangaji anataka nimrudishie 1,500 anayokatwa kwenye LUKU. Ni lazima?

Jibu: Ndiyo dada. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Rahisi ni kumpunguzia 18,000 kwenye kodi ya mwaka na kuandikiana. Na mpangaji akiwa ofisi au kampuni, atakukata ile asilimia 10 kabla ya kukulipa: dai cheti cha zuio, bila hicho huna cha kuonyesha TRA. Mkataba nao una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, ndani ya siku 30.

Kaka wa Ufukoni: Ukuta wangu unatoa unga mweupe chini, rangi inabanduka kila mwaka. Nipake rangi gani?

Jibu: Rangi haina kosa. Hiyo ni chumvi. Plasta ilipigwa kwa mchanga wa pwani, au maji yanapanda kutoka msingini. Ukipaka juu yake unatupa hela.

Fundi Umeme Mikindani: Hapo naongezea mimi, kuta nimezipiga plasta sana. Bandua plasta mpaka tofali, nusu mita juu ya pale unga ulipoishia. Sugua kwa brashi ya waya, kavukavu, usioshe kwa maji ya kisima cha chumvi. Uache mwezi mzima wa kiangazi. Plasta mpya mchanga wa mto, na maji ya bomba. Halafu nje chimbua udongo uliopanda ukutani, na maji ya bati yasidondoke pale pale.

Kaka wa Ufukoni: Udongo umepanda kweli, umefunika mpaka mstari wa jamvi (zege la sakafu).

Fundi Umeme Mikindani: Anza na huo. Jembe tu, bure.